Kisa cha namba 11: dekali zilizochoka ku Datsun ya Safari

Hii ni kesi ya karatasi moja tu ya dekali, zile picha ndogo za kuloweka mu maji na kubandika ku maketi ya gari (gari dogo la plastiki la kujenga), na ninaiandika kirefu juu hapa Lubumbashi wengi wetu tunapokeaga masanduku ya zamani kutoka kwa ndugu wa Ulaya, unafungua unakuta plastiki iko safi, matairi iko mazima, vioo haviko na mikwaruzo, lakini dekali zimekufa, na mtu anasema basi, kazi imeishia hapa. Haijaishia hapo. Ila inategemea unaanzia wapi, na karibu kila mtu ninayemjua anaanzia mu maji, wakati maji njo kitu cha mwisho kabisa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya skeli 1/24 (dogo mara 24 kuliko gari la kweli), ile iliyoshinda East African Safari Rally ya 1971. Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda 1970 na Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata wakarudi na 240Z wakashinda tena, na fasi ya pili ikaenda kwa Shekhar Mehta, yeye pia na 240Z (ni yuleyule Mehta aliyekuja kushinda 1973, halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo bila kupumzisha mtu). Gari jekundu, kapo (kifuniko cha injini) nyeusi ya mati, isiyong'ara, ili jua lisimpige dereva mu macho, duara nyeupe ku milango na namba 11 ndani. Ile duara na ile namba njo gari. Ukiziondoa unabaki na Datsun nyekundu tu, na Datsun nyekundu haiambii mtu kitu.

Mwenye maketi ni papa mmoja wa mtaa wa Kamalondo, makanika wa zamani, mapikapu ya Datsun ameyafungua na kuyafunga mpaka anajua kila bolti. Mtoto wake wa Bruxelles alimtumia sanduku miaka mingi sana iliyopita, likakaa mu depo chini ya mabati, mwezi wa 10 joto la kuoka mkate, mwezi wa 6 baridi ya asubuhi ya kutetemesha, tena mvua, tena vumbi. Alipostaafu njo akaanza kulijenga, na bodi aliipaka yeye mwenyewe, na niseme ukweli rangi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, mtu aliyezoea kupaka mulango mzima wa pikapu hashindwi na mulango wa sentimita tano. Matatizo yalianza ku dekali. Mpwa wake alichukua moja, alama ndogo ya mudhamini, akaitupa mu kikombe cha maji ya termosi, na ikapasuka vipande vipande mbele yao. Papa akafunga sanduku. Akanitafuta.

Alivyonipa ile karatasi sikuigusa na kidole. Niliiweka chini ya lampe, niliilaza mwanga upande, na pale unaona vitu viwili ambavyo juu-juu havionekani. Cha kwanza rangi: fasi zote zisizo na wino zilikuwa njano, na duara nyeupe za namba nazo zilikuwa zimeshika njano. Cha pili, na hicho njo cha hatari, mistari myembamba sana inayopita ndani ya picha, hasa ndani ya duara nyeupe. Mistari ile inakuambia dekali imeshavunjika tayari, ila bado imeshikiliwa na karatasi chini yake. Ukiiondoa karatasi ukiwa hujafanya kitu, hakuna tena kinachoshikilia.

Juu dekali ni matabaka. Chini kabisa karatasi, juu yake gundi inayoyeyuka mu maji, juu ya gundi kuko filamu nyembamba sana ya vernisi (mupako usio na rangi, unaoonyesha chini), halafu wino umechapwa juu ya hiyo filamu. Ile filamu njo inayobeba kila kitu siku unateleza picha kutoka ku karatasi kwenda ku gari. Ikiwa mpya inakunjika, inanyooka, inafuata umbo. Ikizeeka, joto na ukavu vinaikausha mpaka inakuwa ngumu, na kitu kigumu na chembamba vile kikiguswa na maji, karatasi ya chini inavimba, gundi inaachia upande huu mbele ya upande ule, filamu inavutwa, pap. Maji ya moto yanaharakisha ile yote. Mpwa wa papa hakuwa na bahati mbaya, alifanya kile ambacho kingevunja ile dekali hata mikononi mwa bingwa.

Swali la kwanza tulilojadili lilikuwa kama tuziokoe au tuchape zingine. Papa alitaka kuchapa. «Si kuko nyumba za fotokopi kila fasi pale karibu na chuo kikuu, Unilu, mwana? Wapige kopi, tukate, tubandike.» Wazo zuri, lakini linagonga ukuta mmoja: mashine za kawaida haziko na wino mweupe. Karatasi ni nyeupe ndiyo maana mashine haina haja ya nyeupe, inaacha tu fasi wazi. Sasa ukichapa duara ya namba ku karatasi ya dekali iliyo wazi, ukiibandika ku mulango mwekundu, unapata namba nyeusi ndani ya duara nyekundu, yaani duara haipo. Kuko karatasi ya dekali yenye mugongo mweupe, hiyo inasaidia kwa maumbo rahisi unayoweza kukata ku ukingo kabisa, sawa duara, lakini kwa herufi nyeupe nyembamba ukingo utakushinda. Na hapa mjini hizo karatasi huzipati dukani, unangoja mtu anayesafiri.

Ila hakuna aliyesema tusipige kopi kabisa. Tulienda kuskani karatasi nzima kwa 600 dpi (ukali wa picha), rangi, faili ikabaki ku flash na ku telefone. Hiyo ninaishauri kwa kila mtu mwenye dekali za zamani, hata kama unafikiri ziko salama: skani mbele ya kugusa kitu chochote. Ikivunjika uko na saizi kamili, uko na umbo kamili, hata kama ni kwa kupaka na mukono unajua unapaka nini. Mwambie tu kijana wa mashine asipitishe karatasi mu kile kilishio cha juu kinachovuta kwa kukunja, ailaze ku kioo. Huyu wetu alikuwa tayari ameshaishika kuipitisha juu, papa akamshika mukono kwa nguvu ya mtu wa garaji.

Tukaingia sasa ku njano. Njano ya dekali inapunguzwa na jua, na jua ya Lubumbashi mwezi wa 7 ni ya bure, mbingu wazi kuanzia asubuhi. Karatasi inatiwa mu saketi ya plastiki nyororo, inabandikwa ku kioo cha dirisha, picha zinaangalia nje, unaiacha siku nyingi huku unaipitia kila jioni. Njano inarudi nyuma pole pole. Hatari yake ni kwamba jua haichagui, inakula na wino pia, njo maana unaangalia kila siku na unaitoa mara tu nyeupe inaanza kuwa nyeupe, hungoji iwe ya duka. Kwa gari la rali la 1971 nyeupe iliyochoka kidogo haimsumbui mtu. Papa alifurahi sana na hatua hii kuliko zingine zote, nafikiri juu ilikuwa haina gharama.

Kazi yenyewe sasa, filamu. Unapaka filamu mpya juu ya ile iliyokufa, ikiwa bado iko ku karatasi, kavu. Kuko dawa ya Microscale ya kazi hiyo, Liquid Decal Film, unapaka na pinso (brashi) laini, na ukiwa nayo tumia hiyo. Sisi hatukuwa nayo. Tulitumia vernisi ya akriliki ya kopo, ya kung'ara, ile inayopulizwa. Lakini vernisi ya kopo iko na dilyan ndani (dawa ya kuyeyushia rangi), na dilyan ikifika nyingi kwa mara moja inaingia mu ile mistari ya mipasuko na kuinua wino, unaona picha inakunjamana mbele ya macho. Donke unapuliza mbali, ukungu tu, karatasi ionekane sawa haijapata kitu, unangoja ikauke, ukungu tena, unangoja, na baada ya ukungu kadhaa kushika njo unapita na koti (tabaka) moja yenye maji kidogo ya kufunga. Msimu nao uko na neno lake. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu, vernisi inakauka na weupe wa maziwa ndani. Kiangazi weupe ule hauko, ila kuko vumbi jekundu linaloingia hata ukiwa umefunga mulango. Tulipuliza asubuhi, mbele ya upepo na mbele ya magari kuanza kupita, nyumba imemwagiwa maji kidogo chini, na sanduku la katoni tayari la kufunikia.

Mbele ya kuamini, jaribio. Ku karatasi kulikuwa na dekali ambazo gari hili halizihitaji, kila karatasi iko nazo, alama za toleo lingine au maandishi ya kampuni pembeni. Kata moja, iloweke, ibandike ku kipande cha plastiki kilichopakwa rangi ileile. Hilo jaribio linakujibu maswali matatu kwa mara moja: filamu mpya inashika au haishiki, gundi ya chini bado iko hai au imekufa, na dawa ya kulainisha inafanya nini ku vernisi uliyochagua. Kwetu filamu ilishika, ilitoka nzima. Gundi ilikuwa imekufa nusu, dekali ilikauka na pembe zikanyanyuka. Dawa yake ni kole (gundi) nyeupe ya mbao, tone dogo mu kifuniko cha chupa ya maji, unapitisha pinso chini mbele ya kulaza dekali. Hakuna siri hapo.

Kitu ambacho watu wanasahau baada ya kupaka filamu mpya: karatasi nzima imekuwa sasa dekali moja kubwa. Zamani kila picha ilikuwa na filamu yake ndogo inayoishia karibu na wino, sasa vernisi imefunika kuanzia kona mpaka kona. Ukitupa kipande mu maji bila kukata karibu, utabandika na uwanja mzima wa vernisi. Kwa hiyo unakata karibu sana na wino, na hukati na makasi, makasi yanabana na kukunja, na mukunjo njo unaamsha mipasuko. Lamu (wembe) mpya, karatasi imelazwa ku kioo, unapita mara nyingi bila kukandamiza mpaka inaachia yenyewe. Duara tulizungusha karatasi, mukono ukabaki fasi moja.

Hapa papa nami tulibishana kidogo, juu ya kapo. Kapo ilikuwa mati nzuri sana, nyeusi kavu, alijivunia. Kuko dekali mbili ndogo mu plani (karatasi ya maelekezo) zilizotakiwa kukaa hapo, nikamwambia lazima tuing'arishe kwanza.

«Kapo ya Safari haing'araka, weye! Inapiga macho!»

«Papa, itarudi mati. Lakini si mbele ya dekali kukauka.»

Rangi ya mati ukiiangalia karibu ni vilima na mabonde. Dekali inalala juu ya vilima, mabonde yanabaki na hewa, na ile hewa chini ya filamu njo inatoa kile kivuli cha fedha kinachozunguka maandishi, kinachomwambia kila mtu kwamba hii ni stika. Ku rangi nyeusi kinaonekana mara kumi. Unajaza mabonde na vernisi ya kung'ara, unabandika, halafu koti ya mwisho mati inafunika yote, dekali na rangi vinakuwa na uso mmoja. Hakukubali mpaka nilipomuonyesha ku kipande cha jaribio, nusu mati nusu vernisi, akakizungusha chini ya dirisha bila kusema kitu, halafu akaniuliza kopo ya vernisi iko wapi.

Maji sasa. Vuguvugu, si moto, na tone la sabuni ya vyombo. Ya bomba yetu ikikauka inaacha alama nyeupe, angalia tu sufuria ya chai, kwa hiyo tulitumia ya chupa, na ile inayobaki pembeni unaifuta mbele ikauke. Dekali dhaifu huiachi iogelee. Unaizamisha na pensi (koleo ndogo), unahesabu kidogo, unaitoa, unailaza ku kitambaa kilicholowa, unaiacha hapo maji yapande yenyewe ndani ya karatasi. Ikiwa tayari inasogea ukiisukuma kidogo na pinso. Kama haisogei hausukumi zaidi, unaongeza tone na unangoja.

Ya mulango wa kushoto, duara na 11. Mulango wa 240Z hauko bapa, umetoa tumbo, kwa hiyo duara ikilala katikati, ukingo wake wa juu na wa chini unabaki hewani. Tulilowesha mulango kwanza na maji ya kole, tukaileta dekali ikiwa bado na karatasi yake mpaka fasi yake kabisa, papa akashika ukingo wa dekali na pinso iliyolowa, mimi nikavuta karatasi kwa chini. Karatasi njo inaondoka, dekali inabaki ilipo, hiyo ni tofauti kubwa na kuisukuma dekali yenyewe. Ilipobaki juu ya maji tukaipeleka milimita huku, milimita kule, tukiangalia namba isimame wima na ukingo wa mulango. Kona moja ya filamu ilikunjika chini yake, pale mtu anatamani kuingiza kidole. Unadondosha maji mengi, pinso inapita chini ya mukunjo, maji yanaunyoosha yenyewe. Halafu unakausha na kitambaa kwa kugonga tu kuanzia katikati kwenda nje, bila kusugua.

Kwa ule ukingo uliobaki hewani, kuko Micro Sol, kuko Mr. Mark Softer, dawa zinazolainisha filamu mpaka inashuka na kufuata umbo. Jaribio letu lilikuwa limeonyesha kwamba juu ya vernisi ya kopo zile kali ni kamari, filamu inakunjamana na juu ya dekali yenye mipasuko hujui itarudi au haitarudi. Kuko pia Micro Set, dawa nyepesi zaidi ya kubandikia dekali, na siri yake ni harufu yake, ukiifungua unajua ni kitu cha jamii ya vinegre. Basi vinegre nyeupe ya jikoni, nusu na maji nusu, tone na pinso ku ukingo, ngoja, kitambaa, tone tena. Ilichukua jioni nzima, na ukingo ulishuka. Ku filamu ya kawaida vinegre ni dhaifu mno kwa mkunjo mkali, siwezi kusema inashinda dawa za dukani, ila ku mulango wenye tumbo dogo na dekali ya wasiwasi udhaifu wake njo faida.

Mulango wa kulia uliachia mupasuko mmoja. Ulikuwa ule tuliouona chini ya lampe toka siku ya kwanza, mrefu kuliko zingine, vernisi haikuushika mpaka chini. Dekali haikuvunjika vipande viwili, ila mustari mwekundu mwembamba ulionekana ukikata duara nyeupe. Hatukujaribu kuufunga kwa kusogeza, ukisogeza nusu moja unaharibu nusu mbili. Tuliacha ikauke mpaka kesho yake, papa akachanganya nyeupe na tone dogo sana la njano ili ifanane na nyeupe iliyochoka, na pinso ya nywele chache akajaza mustari. Kwa umbali wa kutazama maketi hauuoni. Kwa pua ku mulango unauona.

Kufunga ilitupa mabishano ya pili. Papa alitaka vernisi ya garaji, ile ya kuchanganya na diriseri (dawa ya kugandisha), juu aliizoea na inang'ara sawa kioo. Nilikataa kwa sababu mbili. Ni nzito, ku skeli ya 1/24 inajaza mistari ya milango na gari linaonekana limechovywa mu asali. Na inashuka na dilyan nyingi kwa mara moja, juu ya dekali zilizookolewa na vernisi nyepesi, ni kuomba zikunjamane zote siku ya mwisho. Kuiacha pia kulituokoa na mvuke wake, ile diriseri iko na isosianati, haipulizwi ndani ya nyumba na kitambaa ku pua, inataka maski ya kweli inayoletewa hewa safi. Tulirudi ku kopo yetu ya akriliki, ukungu kwanza kwa bodi yote, tena ukungu, tena koti, na kapo ilifunikwa na karatasi ikapata mati yake peke yake.

Ilibaki ile alama ya mudhamini aliyoivunja mpwa. Skani ilikuwepo lakini kama ilikuwa na nyeupe ndani tunarudi kwenye tatizo la wino, na kuipaka na mukono herufi za milimita moja papa alisema macho yake yameshastaafu mbele yake. Akaangalia gari, akaangalia kabati lake, akasema upande ule utaangalia ukuta. Mpwa ameshaahidi kuleta karatasi ya mugongo mweupe kutoka Lusaka, faili iko ku flash, na ile fasi bado tumeiacha wazi.